Maziwa ya nyuzi 85: kisa cha kompyuta ndogo iliyokuwa ikijizima Rungwe

Kituo chenyewe ni cha kukusanyia maziwa, kiko mlimani juu ya Tukuyu, wilayani Rungwe. Wafugaji huleta maziwa asubuhi na jioni, yanapimwa, yanamiminwa kwenye tangi la kupoozea, kisha gari huja kuyachukua. Ndani ya tangi maziwa yanatakiwa yashuke hadi nyuzi joto 4 na yakae hapo. Kompresa ikisimama saa nane za usiku bila mtu kujua, kukipambazuka maziwa yameshaanza kuchacha, na hasara inawaangukia watu ambao wengi wao wana ng'ombe mmoja au wawili tu. Ndiyo maana kikundi kilichanga fedha kikafungiwa kifaa cha kuangalia joto la tangi na kutuma ujumbe kwenye simu mambo yakiharibika.

Kifaa kilibuniwa kwa akili. Ndani ya boksi la plastiki ukutani kuna kompyuta ya bodi moja, Raspberry Pi 4. Kihisi cha joto ni DS18B20, kile chenye ncha ya chuma kisichoingiza maji, kimepachikwa kwenye tangi. Kuna modemu ya USB yenye laini ya simu, na bodi ya relei mbili, yaani swichi zinazovutwa na umeme: moja inawasha king'ora, nyingine inawasha taa nyekundu mlangoni. Kompresa ina kidhibiti chake cha kiwandani na bodi haiigusi, jambo ambalo nalipongeza, kwa sababu kifaa cha kuangalia hakipaswi kuwa na uwezo wa kuharibu kinachokiangalia. Umeme unatoka kwenye betri ya volti 12 inayochajiwa na sola pamoja na gridi. Ilichaguliwa betri na si soketi ya ukutani, kwa kuwa saa umeme wa gridi unapokatika ndipo kifaa kinapohitajika. Kutoka kwenye betri, chaja ya simu ya kwenye gari inashusha volti 12 kuwa 5, halafu waya wa USB wa mita 3 unapanda ukutani mpaka kwenye boksi.

Kijana aliyekiunganisha alikijaribu mezani kwake Mwanjelwa, mjini Mbeya, kikafanya kazi bila kukwama. Kilipofungwa Rungwe, vituko vikaanza.

Simu ya mama anayesimamia kituo ilianza kupokea ujumbe usiku wa manane kwamba maziwa yamefika nyuzi 85. Anaamka, anachukua tochi, anakwenda kituoni, anakuta tangi linapooza kama kawaida. Usiku mwingine ujumbe unakuja mara kadhaa mfululizo. Usiku mwingine king'ora kinalia kidogo, kinanyamaza, kinalia tena. Asubuhi ukifungua boksi unaikuta bodi ikiwaka upya kana kwamba mtu ameichomoa na kuichomeka. Hatimaye ikafika siku haikuwaka kabisa: mafaili kwenye kadi ya memori yalikuwa yamevurugika.

"Mwanangu," mama aliniambia nilipofika, "hii mashine inaniambia maziwa yanachemka, na mimi nimegusa tangi ni kama barafu. Sasa nimuamini nani?"

Kabla yangu walikuwa wameshajaribu mengi. Kadi ya memori ilibadilishwa kwa kudhaniwa ni feki. Programu iliandikwa upya. Kihisi kilinunuliwa kipya. Kila mara kifaa kilitulia siku kidogo, halafu kikarudia yale yale. Wengine walishaanza kusema bodi hizi haziwezi baridi ya Rungwe. Hilo halina msingi. Baridi ya huku ni neema kwa kompyuta yoyote, na ndani ya lile boksi hapakuwa na joto wala ubaridi wa kutisha.

Volti inapimwa kwenye bodi, kazi ikiwa inaendelea

Mafundi wengi, na si wa kompyuta peke yao, hupima umeme pale unapoanzia. Ukiweka multimita kwenye mdomo wa ile chaja ya gari bila kuifunga mzigo ilionyesha volti 5.05. Mtu akiona hivyo anaridhika, anahamia kwenye programu. Lakini bodi haiko kwenye mdomo wa chaja. Iko mita 3 mbele, na inakula umeme.

Kwenye safu ya pini 40 za Raspberry Pi, pini ya 2 na ya 4 ni volti 5, na ya 6 ni hasi. Ukiweka ncha za multimita pini ya 2 na ya 6, unasoma volti ambayo bodi inaipata kweli. Fanya hivyo kwa utulivu mkubwa, maana pini zimebanana, na ncha ya mita ikiteleza ikaunganisha pini ya 2 ya volti 5 na pini ya 1 ya volti 3.3 iliyo jirani, bodi inaweza kufa palepale. Mimi huvika ncha vijipande vya mpira niache milimita chache tu za chuma.

Bodi ikiwa imetulia, pale palisoma 4.68. Nikamwomba kijana atume ujumbe wa majaribio. Namba zikaanza kucheza: 4.5, 4.4, zinarudi, zinashuka tena. Bodi haikuzima mara ya kwanza. Tulipotuma huku relei zote mbili zimevuta, ikazima na kuwaka upya mbele ya macho yetu.

Raspberry Pi 4 ina namna yake ya kulalamika. Volti ikishuka chini ya takriban 4.63, sakiti yake ya ulinzi hulitambua hilo, kasi ya prosesa hupunguzwa, na mfumo huandika onyo kwenye kumbukumbu zake. Kama umeunganisha skrini utaona alama ya radi pembeni. Kituoni hapakuwa na skrini, kwa hiyo alama ile ilikuwa ikiwaka bila mtu wa kuiona. Ukiingia kwa laptopu na kuandika amri

vcgencmd get_throttled

bodi inakujibu kwa namba. Jibu la 0x0 maana yake hakuna tatizo tangu iwashwe. Tulipouliza bodi ikiwa imetulia ilijibu 0x50000, yaani volti imewahi kushuka na kasi imewahi kupunguzwa tangu ilipowashwa, ingawa kwa sasa iko sawa. Tulipouliza modemu ikiwa inatuma, jibu likawa 0x50005: yote hayo yamewahi kutokea, na yanatokea sasa hivi. Mtu akiniuliza ni amri gani moja ya kuikariri kabla ya kuilaumu programu, ni hiyo.

Waya wa mita 3 unakula kiasi gani

Nilikata ule waya wa USB nione ndani. Plastiki ilikuwa nene, nzuri kwa macho, lakini shaba za kubebea umeme zilikuwa nyembamba, karibu milimita mraba 0.2 kila moja. Hesabu yake haihitaji mtu aliyesoma sana. Shaba ina ukinzani wa takriban omu 0.0172 kwa kila mita yenye unene wa milimita mraba 1. Umeme unakwenda mita 3 kwenye waya chanya na unarudi mita 3 kwenye hasi, jumla mita 6. Zidisha 0.0172 kwa 6, gawanya kwa 0.2, unapata karibu omu 0.52.

Bodi ikiwa imetulia, pamoja na modemu inayosikiliza tu, ilikuwa inavuta ampea 0.7 hivi. Ampea 0.7 kwenye omu 0.52 zinapoteza volti 0.36. Toa kwenye 5.05, unabaki na 4.69. Mita ilisema 4.68. Huwa inanipa faraja ya pekee hesabu ya kwenye daftari inapokutana na kifaa namna hiyo, kwa sababu hapo hukisii tena.

Sasa ongeza mzigo. Modemu ya USB inapotuma inaweza kuongeza nusu ampea. Koili ya relei, ule waya uliosokotwa ndani yake unaoivuta, ikiwa ya volti 5 ya aina hii ina ukinzani wa omu 70 hivi, hivyo kila moja inavuta karibu ampea 0.07, mbili 0.14. Jumla inapanda hadi ampea 1.34. Waya peke yake sasa unameza volti 0.7, na bodi inabaki na 4.35. Hapo sijahesabu plagi zilizolegea wala chaja yenyewe, ambayo nayo hulegea ikibebeshwa.

Na kuna jambo ambalo mita ya mkononi haiwezi kulionyesha. Modemu ikiwa kwenye mtandao wa 2G haitumi mfululizo. Inatuma kwa vipande vya chini ya milisekunde 0.6, kimoja kila milisekunde 4.6 hivi, na ndani ya kila kipande inavuta umeme mwingi kuliko wastani unaousoma. Mita inakupa wastani. Bodi inaishi kwenye mabonde yaliyo chini ya wastani huo. Ukiona 4.4 kwenye mita wakati modemu inatuma, jua kuna nukta za muda ambazo volti iko chini zaidi.

Kwa nini basi Mwanjelwa kilifanya kazi? Sababu ni mbili, na zote zilibadilika kifaa kilipopanda mlima. Kwanza, mezani kijana alitumia adapta rasmi ya Raspberry Pi 4, ambayo inatoa volti 5.1 na ampea 3, na waya wake mfupi wa mita 1.5 una shaba nene. Kituoni hapakuwa na soketi ya uhakika, ndipo chaja ya gari na waya mrefu vikaingia. Hakuna aliyeona kwamba kwa kubadili waya amebadili kifaa.

Pili ni mtandao wa simu. Mjini, minara iko karibu, modemu inanong'ona na inasikika. Kituo kimekaa upande wa kilima usioelekea mnara, na jengo limeezekwa bati hadi pembeni, boksi likiwa chini ya bati hilo. Simu na modemu za GSM, yaani za 2G, hupandisha nguvu ya kutumia kadiri mnara unavyozisikia kwa shida; kwenye masafa ya megahezi 900 zinaweza kufika wati 2. Tuliiuliza modemu kwa amri ya AT+CSQ, inayojibu kwa kipimo cha 0 hadi 31. Ndani ya boksi ilisema 7. Tuliposogea nayo dirishani ikasema 15. Kila hatua ni desibeli 2, kwa hiyo tofauti ile ni desibeli 16, takriban mara 40 ya nguvu ya mawimbi. Modemu ileile, laini ileile, mita chache kando. Tatizo lililoonekana la umeme lilikuwa na mzizi mmoja kwenye bati.

Nyuzi 85 zilitoka wapi

Hapa ndipo kisa kilipowapoteza wengi, maana volti kushuka kwenye bodi peke yake hakuelezi kwa nini kihisi kiseme 85. Pini ya volti 3.3 inalindwa na kidhibiti cha ndani ya bodi. Volti 5 ikishuka hadi 4.4, ile 3.3 bado iko imara. Kihisi hakikuwa na sababu ya kuyumba kwa ajili hiyo.

Namba 85 si ya kubahatisha. DS18B20 inapopata umeme, kabla haijapima chochote, kwenye hifadhi yake ya ndani tayari kumeandikwa nyuzi 85. Ndivyo ilivyotengenezwa. Ukiisoma kabla haijamaliza kupima, au umeme wake ukikatika katikati ya kupima, inakukabidhi hiyo 85 iliyozaliwa nayo. Na ubaya wake, inakuja ikiwa na alama ya uhakiki iliyo sahihi. Faili la w1_slave, ambamo bodi husoma jibu la kihisi, linaandika YES, kisha t=85000. Uhakiki ule unathibitisha kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Hauthibitishi kwamba kilichopimwa ni kweli. Programu ya kijana ilikuwa inaangalia YES na kuamini.

Kwa hiyo swali likawa: kihisi kinakatikiwa na umeme wapi? Kihisi kina nyaya tatu. Mara nyingi nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, njano ni data, ingawa rangi za vihisi vya bei nafuu hubadilika na inabidi uhakikishe. Hapa chanya ilikuwa pini ya 1, hasi pini ya 6, data pini ya 7, na rezista ya omu 4,700 kati ya data na volti 3.3. Yote sahihi. (Nimewahi kukuta rezista hiyo imefungwa kwenye volti 5. Usifanye hivyo: pini za data za bodi hii ni za volti 3.3 na hazivumilii 5.)

Waya wa kihisi ulikuwa mfupi, ukarefushwa kwa waya mwingine, na kiungo kikafanywa kwa kusokota shaba na kuzungushia tepu ya umeme. Kilining'inia chini ya tangi, karibu na bomba la kutolea maziwa. Nilipokishika, tepu ilikuwa imeloa. Chuma cha tangi ni baridi, hewa ya Rungwe ina unyevu karibu mwaka mzima, usiku umande unaganda kwenye chuma na kuteremka taratibu ukifuata waya. Juu ya hilo, tangi huoshwa kwa maji ya moto na dawa. Nilifungua tepu. Nyuzi za shaba za waya mweusi na wa njano zilikuwa zimefifia lakini zimeshikana. Za waya mwekundu zilikuwa na ukijani na zimekuwa unga. Ukivuta kidogo, zinaachana. Walipobadilisha kihisi walikata na kusokota upande wa kihisi tu. Upande wa pili, wenye kutu, ukabaki.

Waya chanya wa DS18B20 ukikatika, kihisi hakifi. Kina uwezo wa kujinyonyea umeme kidogo kutoka kwenye waya wa data, kikaendelea kujibu na kutaja namba yake ya utambulisho kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini kupima joto kunahitaji hadi milliampea 1.5. Kuzipitisha milliampea 1.5 kwenye rezista ya omu 4,700 kungetaka volti 7, na pale zipo 3.3. Umeme hautoshi, upimaji unashindikana, unapata 85. Jua likichomoza, kiungo kinakauka, shaba zinagusana tena, kihisi kinasema nyuzi 4. Fundi anayekuja saa nne asubuhi hakuti kosa.

Makosa mawili yasiyojuana, basi, yakaungana mkono. Kiungo kinaloa usiku, kihisi kinasema 85. Programu inaamini, inavuta relei zote mbili na kuamuru modemu itume ujumbe. Modemu iliyo chini ya bati inapiga kelele kwa nguvu zake zote, waya mwembamba unameza volti, bodi inazima. King'ora kinanyamaza. Bodi inawaka upya, inasoma kihisi, kiungo bado kimeloa, ni 85 tena, inavuta relei, inatuma. Hivyo hivyo hadi asubuhi, na kila kuzima kwa ghafla ni nafasi nyingine ya kuvuruga kadi ya memori wakati inaandikwa. Ukirekebisha kosa moja tu, lingine linabaki limejificha: kiungo kikiwa kizima bodi haitumi ujumbe, kwa hiyo haizimi, na unadhani umemaliza, mpaka siku maziwa yatakapopata joto kweli na kifaa kikazima wakati uleule kilipowekwa kusema.

Hilo ndilo lililonishtua zaidi kuliko usumbufu wote wa usiku. Kifaa kilikuwa kimepangwa kushindwa katika dharura ya kweli.

Tulivyokirekebisha

Kwanza umeme. Waya wa USB wa mita 3 tuliuondoa. Badala yake tulipeleka volti 12 zenyewe hadi kwenye boksi, kwa waya pacha wa milimita 1.5, ule wa kawaida wa taa za nyumbani, na tukaweka konveta ya kushusha volti ndani ya boksi, karibu na bodi. Mzigo wa wati 7 kwenye volti 5 ni ampea 1.4; kwenye volti 12, hata ukihesabu kinachopotea ndani ya konveta, ni ampea 0.7 hivi. Kwenye waya ule mnene njia nzima inapoteza volti 0.05. Na hata kama ingepoteza volti 1 nzima, konveta haijali: ikipokea 11 bado inatoa 5.

Konveta tuliyotumia ni ya LM2596, zinapatikana madukani kwa wauza vifaa vya elektroniki. Zimeandikwa ampea 3, ila bila kipoza joto usiitegemee kupita ampea 2. Ina skrubu ndogo ya kurekebisha volti. Usiirekebishe ikiwa tupu. Iunganishe na mzigo, weka mita kwenye pini za bodi, ndipo uizungushe. Na uirekebishe kwanza kwa mzigo mwingine, kama balbu au rezista kubwa, kabla haijaigusa kompyuta, maana zinatoka dukani zikiwa zimewekwa volti yoyote. Yetu tuliisimamisha kwenye 5.12, bodi ikifanya kazi. Kutoka kwenye konveta tuliingia kwa plagi ya USB-C yenye kipande kifupi cha waya mnene. Ungeweza kuingilia kwenye pini ya 2 na ya 6, wengi hufanya hivyo, lakini pale ukikosea chanya na hasi hakuna cha kukuokoa. Karibu na betri, kwenye waya chanya, tuliweka fyuzi ya ampea 2. Haikuwepo. Betri ya volti 12 bila fyuzi kwenye jengo lenye mbao ni hatari isiyohusiana hata na kompyuta.

Relei tuliziondolea mzigo wao kwenye bodi. Kwenye bodi ndogo ya relei kuna kijipini cha kuunganisha VCC, umeme wa upande wa kupokea amri, na JD-VCC, umeme wa koili. Tulikitoa, JD-VCC ikapata volti 5 moja kwa moja kutoka kwenye konveta, na VCC ikapata 3.3 kutoka kwenye kompyuta. Faida yake ni mbili: koili hazinyonyi tena kupitia kompyuta, na relei inaachia vizuri. VCC ikiwa 5 wakati pini inayoiamuru inafika 3.3 tu, inabaki tofauti ya volti 1.7 hata unapotaka relei izime, na baadhi ya bodi hizo hapo husitasita.

Modemu tuliihamishia dirishani, kwenye habu ya USB, kigawanyo cha milango ya USB, yenye umeme wake kutoka konveta ya pili. Kwa umeme peke yake habu haikuwa ya lazima, kwa kuwa Raspberry Pi 4 inaweza kutoa jumla ya ampea 1.2 kwenye milango yake ya USB ikiwa yenyewe imeshiba. Tuliiweka ili modemu itoke chini ya bati bila kutegemea waya mrefu wa kurefushia, ambao ungerudisha shida ileile kwa njia nyingine. Habu ya kwanza iliyoletwa tuliirudisha dukani. Ukichomoa umeme wa kompyuta na kuacha wa habu, pini ya 2 inatakiwa isome sifuri. Ilisoma zaidi ya volti 4: habu ilikuwa inarudisha umeme kwenye bodi kwa mlango wa nyuma, na bodi ya namna hiyo haizimi sawasawa wala haiwaki sawasawa. Kipimo hicho ni cha dakika moja, na kila habu inastahili kupimwa.

Kiungo cha kihisi tulikikata chote, pande zote mbili, hadi shaba inayong'aa. Tukaunganisha kwa lehemu, kila waya na mpira wake wa kubana kwa joto, kisha mpira mmoja mkubwa wenye gundi juu ya yote. Tukakihamisha kutoka chini ya tangi, tukakipandisha ukutani juu ya usawa wa kihisi, na waya ukaachwa upinde kwenda chini kabla ya kupanda ili maji yadondoke pale kwenye pindo yasifuate waya.

Programu tuliigusa mwisho, na kidogo. Kijana alitaka kuiambia ipuuze kila kinachozidi nyuzi 50. Nilimkatalia: tangi linaoshwa kwa maji ya moto, na kumbukumbu ya kwamba limeoshwa kwa joto la kutosha ni kitu ambacho kikundi kinaweza kukihitaji. Badala yake, ikipata 85 kamili huku kipimo kilichotangulia kikiwa mbali nayo kwa zaidi ya nyuzi 10, inasubiri sekunde moja na kupima tena. Kihisi kinahitaji hadi milisekunde 750 kwa kipimo kimoja. Ikipata 85 mara tatu inatuma ujumbe, lakini ujumbe wenyewe unasema kihisi kina hitilafu, hausemi maziwa yamepata moto. Kwa mama anayeamshwa saa nane usiku tofauti ya sentensi hizo mbili ni kubwa: moja inamtoa kitandani akimbie, nyingine inamwambia asubuhi aite fundi. Kadi ya memori tuliifunga isiandikwe, mfumo ukifanya kazi juu ya tabaka la muda, na kumbukumbu za joto zikawekwa kwenye diski ndogo ya USB.

Kisha tukajaribu dharura yenyewe. Kihisi ndani ya kikombe cha maji ya uvuguvugu, relei zote zimevuta, king'ora kinalia, taa inawaka, modemu inatuma ujumbe kwa mama, kwa mwenyekiti na kwa dereva, kwa mfululizo. Pini ya 2 na ya 6 zilisoma 5.09 na hazikushuka chini ya 5.06. Ile amri ikajibu 0x0. Tukarudia usiku, chaja ya gridi ikiwa imezimwa, betri peke yake. 0x0.

Ndani ya mfuniko wa boksi sasa kuna karatasi iliyofunikwa nailoni: volti kwenye pini bodi ikiwa imetulia, volti modemu ikituma, kipimo cha mawimbi dirishani, rangi za nyaya za kihisi na pini zake, ukubwa wa fyuzi. Kijana ndiye aliyeiandika kwa mkono wake. Fundi yeyote atakayeitwa, awe yeye au mwingine wa Kiwira au Uyole, ataanza kwa kulinganisha mita yake na namba hizo kabla hajabadilisha kadi.